Nyasi za Ndama Ndizo za Nyumbu

Hotuba niliyowapa wanafunzi wa uhifadhi wa wanyamapori mjini Arusha, mbele ya walimu wao na wazee waliotoka vijijini. Nimeiandika yote kwa ajili ya walioniomba na hawakuweza kufika.

Ndugu mkuu wa chuo, walimu, malaigwanani, viongozi wetu wa mila, mliotoka Simanjiro na Longido, akina mama, na ninyi wanangu mnaosoma hapa. Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo, nimewaitikia marahaba kabla hamjasalimia. Na kwa wote, kwa Kimaasai: sopai!

Kiitikio, epa, kimetoka viti vya mbele tu. Huko nyuma, sopai tena! Hapo sawa, sasa tumeonana.

Mmeniita niseme juu ya wafugaji wa Kimaasai na wanyamapori. Mimi sikusomea wanyamapori. Nilisomea mifugo Tengeru, nikafanya kazi ya afisa mifugo miaka thelathini na kitu mpaka nikastaafu. Maisha yangu yamekuwa sindano, josho, na magonjwa ya ng'ombe: ndigana kali, kimeta na chambavu. Kwa hiyo mtu ana haki ya kuuliza: mganga wa ng'ombe ametafuta nini kwenye chuo cha watu wa tembo na simba?

Nimekuja kuwaambia hivi. Wanyama mnaowasomea wakivuka mpaka wa hifadhi wanaingia kwenye malisho ya ng'ombe. Wanakula majani ya ng'ombe. Wanakunywa kwenye lambo la ng'ombe. Wanaugua magonjwa ya ng'ombe. Na wengi wao huvuka mpaka huo kila mwaka, wakakaa nje miezi mingi. Huko nje nani awatunze, kama si mwenye ng'ombe? Na mwenye ng'ombe atawatunzaje, kama yeye mwenyewe hana uhakika wa mahali pa kuchungia kesho?

Nianze na ugonjwa, maana ndiko nilikotoka.

Babu yangu mzaa baba alikuwa na neno moja ambalo alilitamka kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja msiba wa ndani ya nyumba: Emutai. Yeye hakuuona mwaka huo, alisimuliwa na baba yake. Emutai ni maangamizi. Ilikuwa miaka ya 1890. Sotoka, ugonjwa wa virusi wa ng'ombe, iliingia kutoka kaskazini, ikakuta ng'ombe wa Afrika Mashariki hawana kinga yoyote, ikawafyeka. Inakadiriwa kwamba katika nchi ya Wamaasai ng'ombe tisa kati ya kila kumi walikufa. Ndui ikafuata nyuma yake, njaa ikafuata nyuma ya ndui. Babu alisema watu walichemsha ngozi walizokuwa wakilalia wakazila.

Na wanyamapori? Je, walisalimika kwa kuwa ni wa porini? Hawakusalimika. Nyati walikufa. Nyumbu walikufa. Pofu na twiga walikufa. Nyika nzima ilinuka harufu moja, na tai hawakuweza kumaliza.

Baada ya hapo, kwa miaka kama sabini, sotoka ilikuwa inarudi na kuondoka. Nyumbu wa Serengeti waliendelea kufa nayo, hasa wale wa umri wa mwaka mmoja, ambao wameishiwa kinga ya maziwa ya mama zao. Wataalamu wengi wa wakati ule waliamini kwamba mwenye kuutunza ugonjwa ni mnyama wa porini, na kwamba ng'ombe anaambukizwa tu. Mkiamini hivyo, wanangu, mtaagiza nini? Mtaagiza risasi au uzio.

Kisha kule Muguga, nchini Kenya, mganga wa mifugo kutoka Uingereza aliyeitwa Walter Plowright na wenzake wakatengeneza chanjo. Chanjo nafuu, salama, ikichomwa mara moja inamlinda ng'ombe maisha yake yote. Ng'ombe wanaoizunguka Serengeti wakachanjwa kwa wingi. Mnajua kilichotokea? Kufikia mwaka 1963 sotoka ilikuwa imetoweka kwa nyumbu. Hakuna nyumbu hata mmoja aliyechomwa sindano! Nasema tena: hakuna nyumbu hata mmoja aliyechomwa sindano. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa Serengeti walikuwa kama 250,000. Kufikia mwaka 1977 walikuwa kama milioni 1.3.

Msafara ule unaovuka Mto Mara, ambao watu wanapanda ndege kutoka mabara mengine kuja kuutazama, ulifufuliwa na sindano iliyochomwa kwenye shingo ya ng'ombe. Na yule ng'ombe alishikwa na nani? Alishikwa na mfugaji. Mfugaji aliyemtoa bomani usiku, akamswaga kilomita nyingi, akasimama naye kwenye vumbi la kichanjio tangu alfajiri akingoja zamu yake. Mimi nimepita kwenye mageti mengi ya hifadhi nikasoma mabango yake. Bango linalomtaja mtu huyo sijaliona bado, na ninaomba mmoja wenu siku moja aliandike.

Mwaka 1997 sotoka ilinusanusa tena kaskazini mwa Tanzania, nasi tukaamriwa kuchanja ukanda wote haraka kabla haijashuka kusini. Mzee mmoja alileta kundi lake, ng'ombe kama mia tatu hivi. Kabla hajaruhusu hata mmoja aingie, aliniuliza: “Hii sindano ni ya ng'ombe wangu au ni ya nyati wa serikali?” Nikamjibu kwamba ni ya wote wawili. Alinitazama kitambo, akatema mate chini kwa baraka, akasema, “Basi choma vizuri.”

Mwaka 2011 dunia ilitangaza kwamba sotoka imekwisha kabisa. Ni ugonjwa wa pili katika historia kufutwa duniani, wa kwanza ni ndui. Nilikuwa kazini siku hiyo. Nilimkumbuka babu. Nilikaa ndani ya gari nikalia, na sioni haya kuwaambia.

Huo ni ugonjwa ambao ng'ombe alimpa nyumbu. Upo mwingine ambao nyumbu anampa ng'ombe, na huu haujaisha.

Kwetu tunauita ugonjwa wa nyumbu. Nyumbu anapozaa, ndama wake hubeba kirusi katika miezi mitatu au minne ya mwanzo, akakitoa kwa makamasi na machozi juu ya majani. Yeye haumwi chochote. Ng'ombe akila majani yale, anapata homa kali, makamasi yanaziba pua, macho yanakuwa meupe kama yamemwagiwa maziwa, na kwa kawaida anakufa. Dawa ya kumponya hakuna. Chanjo imekuwa ikijaribiwa, hata kwetu Simanjiro imejaribiwa, lakini bado mfugaji wa kawaida haitegemei. Na kirusi chenyewe kilitambuliwa mwaka 1960 na huyohuyo Plowright.

Je, kabla ya mwaka 1960 Wamaasai walikuwa hawajui? Baba yangu hakusoma darasa hata moja. Lakini mwezi wa kwanza, mvua zinapokuwa zimeotesha nyasi fupi kwenye nyanda za Simanjiro, alikuwa anapanda kwenye kichuguu kila asubuhi, anaegemea fimbo, anatazama magharibi. Siku akiona mistari myeusi inatoka upande wa Tarangire, alishuka akasema neno moja tu: “Wamekuja.” Jioni ileile punda walifungwa mizigo. Tulihamia kwenye vichaka vya mwinuko, kwenye majani makavu, marefu, mabaya, yenye kupe. Na zile nyasi tamu, bora kuliko zote katika mwaka, tuliwaachia nyumbu. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, wakati mwingine mpaka wa nne.

Mimi nilikuwa mtoto wa kuchunga ndama. Niliona ni uonevu. Nilimuuliza baba kwa nini tusiwafukuze nyumbu, sisi tuna mbwa na mikuki. Akanijibu: “Anayezaa hafukuzwi.”

Wanangu wa uhifadhi, naomba mlifikirie jambo hilo kwa kalamu na karatasi. Mfugaji anaacha malisho yake bora, wakati ng'ombe wake wana ndama na wanahitaji maziwa, ili nyumbu na pundamilia wa hifadhi ya taifa wapate mahali pa kuzalia. Hufanya hivyo kila mwaka. Hakuna anayemlipa. Hakuna anayemwandikia barua ya shukrani. Anafanya kwa sababu anawaogopea ng'ombe wake, ndiyo, sikatai. Lakini matokeo yake ni kwamba nyumbu anazaa kwa amani kwenye ardhi ya kijiji. Kama huo si uhifadhi, tuutafutie jina.

Sasa niulize swali ambalo nimewauliza maofisa wengi vijana, nao wakakosea: nyumbu wa Tarangire anazalia wapi?

Tarangire, naona mnasema. Hapana. Hifadhi ya Tarangire ina kilomita za mraba kama 2,850, na uhai wake ni ule mto ambao haukauki. Wakati wa kiangazi wanyama wote wanaukimbilia. Mvua zikinyesha wanatawanyika. Wengine wanakwenda kaskazini, mpaka nyanda za chini ya milima Gelai na Kitumbeine, karibu na Ziwa Natron. Wengine wanakuja mashariki kwetu, Simanjiro. Kwa nini? Kwa sababu nyasi fupi za huku zina fosforasi na protini kuliko za kule mtoni, na jike anayenyonyesha anazihitaji. Ng'ombe wetu nao wanazihitaji kwa sababu hiyohiyo. Kwa hiyo mto uko hifadhini, na wodi ya wazazi iko kijijini.

Na kijijini kumetokea nini? Kuanzia miaka ya 1980 yakaja mashamba makubwa. Lolkisale ikalimwa maharage, na kulima kukazidi kusogea. Njia za wanyama zikabanwa moja baada ya nyingine. Nyumbu wa mfumo huu wa Tarangire walihesabiwa kuwa zaidi ya 40,000 mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walibaki kama 5,000. Elfu arobaini kwa elfu tano! Ng'ombe alikuwepo siku zote hizo na mamia ya miaka kabla yake. Kipya kilichoingia ni jembe la trekta, uzio na mtego wa waya.

Msinielewe kwamba namchukia mkulima. Mimi nakula ugali kama ninyi. Nasema mvua ya Simanjiro inamdanganya mkulima: mwaka mmoja inampa magunia, miaka miwili inayofuata inamnyima, na ardhi ikishachimbuliwa nyasi zile fupi hazirudi upesi. Nyumbu akikosa uwanda wake wa kuzalia, anasogea vichakani kwetu na ndama wake. Ng'ombe naye hana tena pa kumpisha. Hapo ugonjwa wa nyumbu unaingia bomani, na hapo ndipo utamsikia mzee aliyekaa kwa amani na nyumbu miaka sitini akisema, “Hawa wauawe wote.”

Wazee wetu walikuwa na namna yao ya kulinda nyasi. Mnaijua alalili? Ni malisho yanayotengwa karibu na boma kwa ajili ya ndama, wagonjwa, na ng'ombe waliozaa karibuni. Wakati wa mvua hakuna kundi linaloingizwa humo. Wazee wanakubaliana siku ya kufunga na siku ya kufungua. Anayeswaga kundi lake humo kwa siri anatozwa faini ya mfugo, na aibu yake inakaa kuliko faini. Kwa hiyo kiangazi kinapokolea, nchi nzima imekuwa nyekundu, alalili ina majani. Na mkienda kuitazama alfajiri, kabla ndama hawajatolewa, mtakuta nani? Swala. Pundamilia. Digidigi pembeni. Sijawahi kuona boma linalowafukuza swala kwenye alalili.

Hata samadi yetu inafanya kazi. Boma likihamwa, pale zizi lilipokuwa panaota nyasi nzuri, na swala wanapapenda miaka na miaka. Mwaka 2018 watafiti walichapisha kazi waliyoifanya Narok, Kenya, wakichimba mahali palipokuwa mazizi ya wafugaji wa kale. Mengine yalikuwa ya zaidi ya miaka elfu tatu iliyopita, na udongo wake bado ulikuwa na rutuba kuliko wa pembeni. Zile sehemu za kijani ambazo mtalii anazipiga picha akidhani hazijawahi kukanyagwa na mtu, baadhi yake zilifanywa na ng'ombe.

Nije kwenye neno lenyewe, hifadhi. Ninyi mkilisikia mnasikia kutunza. Kwa Kiswahili ndiyo maana yake, neno zuri. Lakini masikioni mwa mama yangu hifadhi ni punda aliyebebeshwa vibuyu usiku. Mwaka 1959 Wamaasai walitolewa Serengeti wakapelekwa Ngorongoro. Mwaka 1970 Tarangire ilipofanywa hifadhi ya taifa, waliokuwa wakiishi humo wakaondolewa. Wazee waliokaa hapa mbele, karibu kila mmoja ana simulizi la namna hiyo, la mahali hapa au pale. Mnapofika kijijini na gari jipya lililoandikwa uhifadhi ubavuni, mama yangu haoni gari. Anahesabu vibuyu.

Basi mtu kama huyo atalindaje mnyama kwa moyo, ikiwa kila mnyama anayeonekana kijijini ni dalili kwamba kesho ataambiwa ahame?

Yupo kijana wa Simanjiro, Edward Loure, ambaye familia yake ilikuwa miongoni mwa walioondolewa Tarangire mwaka ule wa 1970. Angeweza kukua na chuki tu. Yeye na wenzake wa shirika la Ujamaa Community Resource Team wakaichukua Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, wakaisoma vizuri, wakakuta kwamba hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kutolewa kwa jamii nzima, si lazima kwa mtu mmojammoja. Wa kwanza kuipata walikuwa Wahadzabe wa bonde la Yaeda, mwaka 2011. Kisha malisho ya wafugaji yakafuata, kijiji kwa kijiji. Kufikia mwaka 2016, Loure alipopewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman, ardhi iliyolindwa kwa njia hiyo ilikuwa imezidi ekari 200,000. Ekari hizo ni malisho ya ng'ombe kisheria. Na kwa kuwa ni malisho ya ng'ombe, hazilimwi. Na kwa kuwa hazilimwi, nyumbu anapita.

Na Terrat, kijiji ambacho wengi wenu mnakijua kwa redio ya Orkonerei, katikati ya miaka ya 2000 walifanya mapatano na kampuni za utalii zilizokuwa zikiingia Tarangire. Kampuni zinakilipa kijiji kila mwaka. Kijiji kinaahidi kwamba uwanda ule hautalimwa, mkaa hautachomwa, wanyama hawatawindwa. Na ng'ombe? Ng'ombe wanaendelea kuchungwa kama kawaida! Hicho ndicho kilichoyafanya mapatano yakubalike. Hakuna aliyeambiwa ahame. Waliombwa waendelee kufanya walilokuwa wanalifanya, na safari hii wakaambiwa asante kwa fedha.

Katika kijiji chetu hatukuwa na mapatano ya namna hiyo, tulikuwa na mama mmoja tu. Alikuja mtu kutoka mjini, anaomba ekari mia tano apande maharage. Alikuwa na maneno mazuri: atachimba kisima, atatoa ajira. Mkutano mkuu wa kijiji ukaelekea kukubali. Wazee wamekaa chini ya mti, akina mama nje ya duara, kama desturi ilivyokuwa, wakisikiliza. Huyu mama akanyanyuka bila kuitwa. Mkononi ameshika kibuyu kitupu cha maziwa. Akakipindua mbele ya mgeni na kuuliza: “Mwaka wa ukame, maharage yako yatamwagika humu?” Mzee mmoja akamkemea akae chini. Hakukaa. Aliendelea kukishika vilevile kimepinduliwa, mpaka mwenyekiti akaahirisha mkutano. Mgeni hakurudi. Uwanda ule hadi leo ni nyasi, na mwaka huu nimewaona pofu humo, kundi la ishirini na tatu. Kwa hiyo mkienda vijijini kuuliza juu ya malisho, waulizeni akina mama kwanza. Wao ndio wanaokamua, wao ndio wanaojua majani yamepungua hata kabla mchungaji hajajua.

Sasa simba. Najua mmekuwa mkimngoja simba.

Dada yangu alikuwa na zizi la miiba kama mazizi yote. Kila miezi michache unakata migunga upya, maana miiba inaoza na inaliwa na mchwa. Usiku mmoja wa mvua kubwa simba waliingia. Ng'ombe wakataharuki, wakabomoa zizi wenyewe kutoka ndani, wakatoka gizani. Watatu wakauawa. Mmoja alikuwa yule aliyekuwa akiwalisha watoto wake maziwa. Asubuhi nilipofika, dada alikuwa amekaa juu ya jiwe, hazungumzi. Watu wakasema kuna kifuta jasho cha serikali. Kipo kweli, na ni jambo jema kwamba kipo. Lakini fomu zina safari ndefu, na kinachopatikana hakifikii bei ya ng'ombe mnadani. Watoto wanataka maziwa jioni ileile.

Vijana hawakungoja fomu. Walipaka sumu kwenye mzoga. Kesho yake tukahesabu: simba jike mmoja, fisi wanne, mbweha, tai wengi mno, wametanda chini ya mti wote, na mbwa wawili wa boma la dada yangu mwenyewe. Simba waliobaki waliendelea kuzunguka. Sumu haikurudisha ng'ombe hata mmoja, na msimu uliofuata mizoga ilikaa siku nyingi porini ikioza kwa sababu tai walikuwa wamepungua. Mimi kama mganga wa mifugo niliogopa kimeta kuliko nilivyoogopa simba.

Kilichosaidia ni miti. Shirika la African People & Wildlife, lenye kituo chake Loibor Siret hukohuko Simanjiro, limekuwa likijenga na wafugaji kile wanachokiita ukuta hai. Unapanda vijiti vya osilalei vikiwa vimekaribiana kuzunguka zizi, unafunga wavu wa senyenge juu yake. Osilalei ni mti wenye roho ngumu, kijiti kinashika mizizi hata kwenye udongo mkavu, na kadiri miaka inavyokwenda nguzo zinanenepa badala ya kuoza. Mwenye boma anachangia sehemu ya gharama, hapewi bure. Dada alichangia kwa kuuza mbuzi. Tangu zizi lile lisimame, simba wamekuja usiku mwingi. Wananguruma, wanazunguka, wanaondoka. Na migunga imepumzika shoka.

Ndugu zetu wa Kenya wamefanya makubwa pia, nitayapitia upesi. Amboseli, tangu mwaka 2007, shirika la Lion Guardians limewapa mamorani kazi ya kuwafuatilia simba, na wengine kati yao ndio waliokuwa wakiwaua. Moran anamfahamu simba wa eneo lake kwa jina, anawaambia wachungaji leo msipite bonde lile, anatafuta ng'ombe waliopotea kabla usiku haujaingia. Sifa aliyokuwa akiipata kwa mkuki sasa anaipata kwa kujua. Na kule Olkiramatian na Shompole, karibu na Ziwa Magadi, kamati za wazee zinapanga kundi gani lichunge wapi na lini, upande mmoja wakati wa mvua, upande wa pili kiangazi, na simba na tembo wamerudi humo bila uzio wowote. Nendeni mkawaone. Usafiri wa basi unatosha.

Juu ya fedha ya watalii nitasema jambo moja tu. Mwaka 2020 korona ilipokuja, ndege zilisimama na mapato yakakauka kwa miezi. Hifadhi za jamii zilizokuwa zimejenga kila kitu juu ya mgeni zilitetemeka. Ng'ombe hakusimama. Aliendelea kukamuliwa. Kwa hiyo mtu akiwaletea mpango wa uhifadhi ambao ndani yake hamna ng'ombe, muulizeni maswali mengi kabla hamjasaini.

Wanangu, mwakani baadhi yenu mtakuwa mmeajiriwa. Mtavaa sare. Mtapewa silaha. Mtatumwa kwetu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nawaomba mfike hivyo. Ukifika bomani usianze na simu ya kupiga picha, wala na karatasi ya kusaini. Salimia wazee kwanza kwa mpangilio wa marika, watoto watakuletea vichwa uwaguse. Kisha uliza habari za majani. Si habari za simba, si za ujangili. Majani. Uliza mvua ilinyesha wapi mara ya mwisho, uliza alalili imefungwa au bado, uliza nyumbu wamefika wapi. Mzee atakujibu kwa saa nzima, na ndani ya saa hiyo utapata taarifa za doria ambazo hungezipata kwa mwezi. Ukishakunywa chai ya maziwa yake, akikupigia simu usiku kwamba ameona watu na tochi bondeni, utajua kwa nini amekupigia wewe.

Mwezi wa pili naenda kwenye zile nyanda, mimi na mwanangu ambaye ndiye anayechunga sasa. Naye anapanda kichuguu kilekile, ila yeye ana simu, na wachungaji wa upande wa Emboreet wanamtumia ujumbe nyumbu wanapokaribia. Nimezungumza na walimu wenu. Gari la chuo lina nafasi za watu kumi na wawili. Watakaokuja waje na viatu vya kutembea na blanketi, maana tutalala bomani juu ya mwinuko, na alfajiri mtawaona kutoka huko juu: ng'ombe wakielekea mlimani, nyumbu wakishuka uwandani, na katikati yao hakuna kitu ila nyasi.

Asanteni kwa kunisikiliza. Naona mkono umenyooshwa pale nyuma, karibu na dirisha. Ndiyo, binti yangu, uliza.